Mwaka wa Kunong'ona Mbele ya Mapipa

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili yangu yote iliyonolewa na masomo ya jioni, kwamba mvinyo una masikio. Sisemi kwa mfano. Nasema masikio ya kusikia. Habari hizo alinipa Barnaba, mbeba ndizi mwenzangu, siku moja tulipokuwa tumeegesha baiskeli zetu kwenye mlima wa kuingia Ngara mjini, ule mlima ambao ukiupanda na mikungu minne ya ndizi unafika juu ukiwa umezeeka miaka saba na viatu vyako vimekuwa kandambili. Barnaba alisema huko Mabawe kuna mama anayetengeneza mvinyo wa ndizi, na kwamba mvinyo ule, ukiwa bado kwenye pipa, ukisikia maneno ya ovyo unachukia na kugeuka siki. "Kweri nakwambia," alisema, kwa maana l na r kinywani mwa Barnaba zilikuwa zinaazimana nguo. "Kuna mzee aliingia mle chumbani akacheka. Akacheka tu, hata hakutukana! Kabla hajafika barabarani, pipa zima limechacha." Akaendelea kusema kwamba mapipa yale yanaelewa Kihangaza, Kiswahili na Kirundi kidogo, ila Kiingereza hayakijui, ndiyo maana mabwana shamba wakija kutembelea wanaruhusiwa kuzungumza. Na kwamba mama mwenyewe na watu wake wakiwa mle ndani hunong'ona kama waliofiwa. Niliyameza yote bila kutafuna. Tena nilipofika nyumbani Mugoma jioni ile na kuyasimulia, yule mzee alikuwa amecheka mara tatu na mapipa mawili yalikuwa yamepasuka.

Nayakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita simu yangu iliita nikiwa naosha chupa. Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikauliza, "Wewe ndiye Deo wa Mugoma? Mimi Koleta, binti yake Mama Spesioza. Mama yuko kwangu hapa Biharamulo siku hizi, miguu imechoka. Anauliza kama yule kijana mwenye mdomo bado anaishi." Nikamjibu kwamba anaishi, na mdomo nao unaishi. Nilipokata simu nilikaa juu ya kreti ya chupa kwa muda mrefu, mikono imejaa povu la sabuni. Leo nina mapipa kumi na moja yangu mwenyewe na vijana wawili wa kazi, na vijana hao tangu siku ya kwanza nimewafundisha kunong'ona kiasi kwamba majirani wanadhani tuna kikundi cha maombi. Lakini nilipolisikia jina la Mama Spesioza, ghafla nikawa tena na miaka ishirini na mitano, baiskeli yangu haina breki, na sijui kitu chochote duniani isipokuwa kusema.

Siku ya kwanza nilikwenda kwake kumpelekea ndizi. Uwanja wake ulikuwa umefagiliwa mpaka udongo unang'aa, na kando ya nyumba walikaa kina mama watatu kwenye vigoda wakimenya ndizi mbivu, maganda yamerundikana hadi magotini. Mama Spesioza alitoka akifuta mikono. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, wa makamo, aliyefunga kitambaa kichwani kwa kukaza kama anafunga gunia. "Shikamoo, Mama," nikasema. "Marahaba. Hizi ndizi umeziiba au umezivuna?" "Nimezivuna, Mama!" "Basi umezivuna kama mwizi. Hazijakomaa." Kina mama wale wakacheka, na yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, aliyeitwa Mama Adela, akasema, "Mwacheni, mtoto wa watu, amekimbizwa na mwenye shamba." Mikungu yangu yote minne ilikataliwa, lakini sikufukuzwa nikiwa na njaa. Nilipewa sahani ya ndizi zilizopikwa na maharage, nzito, zenye mafuta ya mawese na pilipili moja iliyoelea katikati, na nikala kama mtu aliyetoka kuvuka mto Ruvubu kwa kuogelea akiwa na baiskeli mgongoni. Kisha Mama Spesioza akaniletea glasi ndogo. "Teremshia," akasema.

Hapa lazima nieleze. Mimi pombe ya ndizi nilikuwa naijua. Nani wa kwetu asiyejua rubisi? Ndizi zinavunwa, zinafukiwa shimoni mpaka ziive, zinakamuliwa na nyasi kwenye mtumbwi wa mbao, maji yake yanatiwa mtama uliokaangwa, na kesho kutwa watu wameketi na mirija, wananyonya kitu kizito chenye rangi ya mto wakati wa masika, chenye makapi, chenye mapovu, chenye kelele. Rubisi ni pombe ya kundi. Lakini kilichokuwa kwenye glasi ile kilikuwa hakina hata chembe. Kilikuwa na rangi ya asali iliyochujwa mara mia, na jua la mchana lilipita ndani yake likaangukia kwenye meza kama sarafu. Mfukoni mwa koti nilikuwa na daftari la masomo ya jioni, kwa maana siku hizo nilikuwa natafuta kidato cha nne huku watu wa umri wangu wakitafuta wake. Nikalitoa daftari, nikaliweka nyuma ya glasi, na naapa nilisoma mstari mzima kupitia kwenye ule mvinyo, mpaka nukta. Nilisoma juu ya mmeng'enyo wa chakula, nikaona ni maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kusoma. Halafu nikanywa. Ndizi ilikuwemo, lakini mbali, kama mtu unayemjua anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde. Nilikaa kimya. Wanaonifahamu wanajua kwamba jambo hilo kwangu ni kubwa kuliko kupatwa kwa jua.

"Mama," nikasema baadaye, "hii ni ndizi yetu hii hii?" "Ndizi gani nyingine iko Mabawe?" "Nani alikufundisha?" "Masista. Nilikuwa mpishi wao. Wao walitumia matunda ya kwao, mimi nikaona ndizi zinaoza bure." Alisema hivyo tu, na katika mwaka mzima sikupata zaidi ya hapo. Nikamwomba anifundishe. Akanitazama, akaitazama baiskeli, akanitazama tena. Masharti aliyoyatoa yalikuwa mafupi. Ningefanya kazi zote za uwanjani, ningekula pale, na baada ya muda ningepewa pipa moja liwe langu tangu ndizi hadi chupa, bila yeye kuweka mkono. "Likitulia, utabaki, nitakufundisha mpaka mwisho. Likichacha, urudi kwenye baiskeli yako. Mtu asiyeweza pipa moja hawezi kumi." Nikakubali upesi. Ningekubali hata kama angesema niyabebe mapipa kichwani mpaka Bukoba. Nilichokitaka kilikuwa kimoja: siku moja nitengeneze kitu cha kusomea daftari.

Basi nikaanza. Nilijifunza kwamba ndizi ya mvinyo haiharakishwi kwa moshi, inasubiriwa mpaka ganda lake liwe na madoa kama chui, na kwamba siku moja kabla ya hapo ni mapema na siku moja baadaye umechelewa. Nilijifunza kukamua kwa nyasi zilizooshwa, kuchuja kwa shuka jeupe, kuchuja tena, kuchemsha, kuacha ipoe usiku kucha, kupima chachu kwa kijiko cha chai. Zaidi ya yote nilijifunza kuosha. Naweza kusema mwaka ule niliosha vitu vingi kuliko mvua. Sufuria, ndoo, shuka, mikono mpaka viwikoni, kuta. Mama Spesioza alipitisha kidole kwenye ukingo wa ndoo na kunirudishia bila neno, na mimi nikaelewa kwamba kidole kile kina macho. Maji ya ndizi yalipokuwa tayari yaliingia kwenye pipa la plastiki la bluu, likafunikwa kwa mfuniko unaobana, na katikati ya mfuniko kulikuwa na tundu lililopitisha mpira mwembamba wa dripu, ule wa kuongezea wagonjwa maji. Ncha ya pili ya mpira ilizama kwenye chupa ya maji. Kinachotoka kinatoka, kinachotaka kuingia kinakuta maji. Mpira ule ulinishangaza. Nilikuwa nimeuona ukiingiza uhai ndani ya mtu, sasa niliuona ukitoa pumzi ya ndizi.

Na pumzi hiyo ilikuwa na sauti. Chumba cha mapipa kilikuwa nyuma ya nyumba, cha matofali ya udongo, kimepakwa chokaa, kina dirisha moja dogo linalotazama migomba. Ndani mlikuwa na baridi kama ndani ya mtungi. Mapipa manne yalisimama ukutani kila moja na chupa yake miguuni, na kutoka kwenye kila chupa kulisikika bubu, bubu, bubu, moja likienda mbio kama mtu anayekimbilia basi, lingine likisema neno moja na kulifikiria. Siku ya kwanza aliponiingiza mle, Mama Spesioza aliinama, akaweka kidole midomoni. "Humu hatuongei," akanong'ona. Nywele zangu zilisimama. Kumbe Barnaba alisema kweli! Sikuuliza sababu, kwa kuwa sababu nilikuwa nayo tayari, nimekuja nayo kutoka mlimani. Na elimu yangu, badala ya kuniokoa, ilinizamisha. Wiki ile ile, kwenye masomo ya jioni, mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa ametufundisha kwamba chachu ni viumbe hai, vinakula, vinapumua, vinazaana. Nikajiambia: kitu kinachokula na kupumua, kitashindwa vipi kusikia? Tangu siku hiyo, kila asubuhi nilipoingia nilikuwa nainama mbele ya mapipa na kunong'ona, "Shikamooni." Mama Spesioza alinikuta siku moja nikifanya hivyo. Alinitazama kwa muda, akaendelea na kazi yake, na mimi nikachukua kwamba nimefanya vizuri.

Kupitia kwenye kale kadirisha tuliyasikia mazungumzo ya kina mama wamenyaji huko nje, wao wakiwa huru kama ndege. "Deo yuko wapi?" "Yuko kwa wachumba wake wanne wa bluu." "Ataoa lipi?" "Lile nene la kona." Mama Adela akapaza sauti, "Deo! Ukioa hilo, mahari utapeleka nini, sukari?" Mimi ndani nimeshika tumbo, nimeuma mkono wa shati, machozi yananitoka, nisicheke. Hakuna mateso niliyowahi kupata kama kuwa na jibu zuri na kulimeza. Nilikuwa na majibu yanayoweza kuangusha migomba. Nikitoka nje baada ya nusu saa nilikuwa nayamwaga yote kwa mpigo, lakini wakati huo walikuwa wameshahamia habari nyingine, na kichekesho kilichochelewa ni kama rubisi ya wiki iliyopita. Hata hivyo nasema ukweli, mle ndani, katika kimya kile cha kulazimishwa, kuna kitu kilinipata. Nilianza kutambua pipa kwa sauti yake. Nilijua lile la kona limepunguza mwendo kabla sijaitazama chupa. Nilisimama mle peke yangu nikisikiliza vitu ambavyo siwezi kuviona vikila sukari gizani, maelfu kwa maelfu, bila mtu kuviamuru, na nikahisi kama mtu aliyeingia kanisani siku isiyo ya ibada akakuta ibada inaendelea.

Mwezi wangu wa tatu pale nilipewa pipa langu. Nililitia alama ya mkaa. Nilichagua ndizi moja moja kama anayechagua walinzi wa rais. Nilichemsha, nikachuja mpaka shuka likalalamika. Pipa langu liliimba kwa siku kumi na nne, kisha likatulia, nikauhamishia mvinyo kwenye pipa safi kwa mpira, nikayaacha mashapo chini, mazito kama uji wa mgonjwa, na ikabaki kazi ya kusubiri. Kwa wiki niliruhusiwa kulifungua mara moja tu, kunusa na kufunga. Harufu ilikuwa njema. Nilianza kutembea kwa madaha. Nilimwambia Barnaba kwamba nikihitimu nitamwajiri awe mlinzi wangu wa lango, na yeye akaniuliza lango liko wapi, nikamwambia litajengwa.

Siku iliyoharibu kila kitu ilikuwa siku ya kunusa. Mama Spesioza alikuwa amepata habari ya msiba, shangazi yake amefariki huko Biharamulo, na amepata nafasi kwenye gari la mizigo linalokwenda huko. Alikuwa anakusanya vitu vyake upesi, kikapu mkononi. Mimi niko chumbani, nimefungua mfuniko wa pipa langu, nimeinama, nimenusa, nimefurahi. Mara kichwa cha Barnaba kikatokea dirishani. Barnaba hakuwahi kuthubutu kuingia mle, lakini dirisha alilihesabu kuwa ni nje. Akanong'ona, "Deo, umesikia habari za Zakaria?" Zakaria alikuwa mbeba ndizi mwenzetu, baiskeli yake haina breki hata ya kuazima. "Jana kateremka mlima na mikungu mitano. Kashindwa kusimama, kapita geti la kanisa, kaingia mpaka ndani ya mazoezi ya kwaya, kasimama katikati ya sauti ya tatu. Na kwaya haikuacha kuimba! Mwalimu kamwonyesha kwa kijiti tu, sogea kule, wewe ni wa besi." Ndugu msomaji, nilijitahidi. Nilibana pumzi mpaka masikio yakafunguka. Kisha kicheko kikatoka, kicheko cha miezi mitatu, kicheko chenye riba, kikagonga ukuta huu na ule, na baada ya kicheko yakaja maneno, maana mimi nami nilikuwa na habari ya Zakaria na mbuzi wa katekista, ndefu kuliko hiyo, na niliisimulia yote kwa sauti kamili, mkono mmoja ukiwa na mfuniko, mwingine ukionyesha jinsi mbuzi alivyoruka. Gari likapiga honi. Mama Spesioza alikuwa mlangoni, kisha hakuwa mlangoni. Ndipo nikakumbuka nilipo.

Barnaba alinywea kama jani kwenye moto. "Umecheka," akasema. "Mle ndani. Umecheka." Akatoweka. Mimi nikauweka mfuniko mahali pake, nikatoka kinyumenyume, nikafunga mlango. Na sikuingia tena. Siku nane alizokuwa Mama Spesioza msibani sikuthubutu kurudi mle, nikijiambia kwamba pipa lililochukizwa huachwa lipoe kama mtu aliyechukizwa. Nililala macho. Asubuhi nilikaa kizingitini nikiomba radhi kupitia ubaoni. Chakula hakikushuka, mimi ambaye Mama Adela alisema nikila kwenye harusi bibi harusi hulala na njaa. Aliniletea ugali wa muhogo na dagaa, akaniona nimekaa pale naunong'oneza mlango, akaweka sahani chini na kuondoka bila hata utani mmoja. Hapo ndipo nilipojua hali yangu ni mbaya.

Mama Spesioza alirudi siku ya tisa. Alifungua chumba, na kabla hajavuka kizingiti alisimama. Nami niliipata pale nilipokuwa nyuma yake, ile harufu kali inayopanda puani kama sindano. Mapipa yake yalikuwa salama. Langu lilikuwa siki, tena siki kali ambayo ingeweza kusafisha dhambi. Nzi wadogo walikuwa wanazunguka juu yake kama wageni wa harusi. Alilitazama kwa muda mrefu, akafunga macho kidogo. "Mama," nikasema, "niliongea." "Najua uliongea," akasema. "Nilikusikia." "Nilicheka pia." "Nilisikia." Hakunifokea. Afadhali angenifokea. "Pole, Deo. Tulikubaliana." Alinijazia chupa mbili za siki ile nipeleke nyumbani, akanipa na maharage kwenye mfuko, kama anavyopewa mgeni anayeondoka.

Niliisukuma baiskeli mpaka Mugoma bila kuipanda. Barnaba alikuja jioni, akakaa nami, halafu akasema, "Ni mimi niliyekuchekesha. Niende nikaombe radhi?" "Kwa Mama Spesioza?" "Hapana. Kwa pipa." Alikuwa hana mzaha hata kidogo, nami nikampenda kwa hilo. Kwa wiki mbili nilibeba ndizi za watu. Kila glasi ya chai niliyoiona niliinua juani kuona kama inasomeka. Mwishowe nikaenda kwenye shamba la mjomba wake Barnaba, nikakata mikungu iliyokomaa barabara, nikaitunza mpaka ikawa na madoa ya chui, si siku moja kabla wala siku moja baada, nikaipeleka Mabawe. Niliingia uwanjani, nikasalimu, nikachukua kisu, nikaketi na kina mama nikamenya. Walinitania kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Sikujibu. Niliogopa kujibu, nikidhani sasa mapipa yananisikia hata nikiwa nje. Niliosha, nilichuja, niliosha. Jioni Mama Spesioza alikuja akasimama mbele yangu. "Leo umekuja bila mdomo." Nikanong'ona, "Nimeuacha Mugoma, Mama." Akatazama ndizi zangu, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ndoo yangu, na safari hii hakunirudishia. "Kuna pipa tupu," akasema.

Pipa la pili nilikaa nalo miezi sita. Sikulisemesha neno baya wala jema, isipokuwa shikamoo. Nilihamisha mvinyo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara mashapo yalipungua. Ulikuwa na ukungu, kama asubuhi za kwetu ambapo vilima havionekani mpaka saa nne, na nilikuwa nautazama kila juma nikisema labda hii ndiyo rangi yake, labda mimi ni mtu wa rubisi tu. Kisha asubuhi moja nilifyonza kidogo kwa mpira kwenye glasi, nikaenda dirishani. Ukungu ulikuwa umeondoka. Sikuufanya mimi. Hakuna mtu aliyeufanya. Wakati nimelala, wakati nafua shuka, wakati Mama Adela anacheka, vitu vile vidogo vilikuwa vimemaliza kazi yao na kushuka chini kimya kimya, na juu yao mkabaki mwanga. Ndani ya glasi niliona shamba zima la migomba, limepinduka, majani chini na mashina juu, kila jani limetimia. Nimekwisha kutengeneza mvinyo mwingi tangu hapo, wa ndizi, wa mananasi ya Biharamulo, hata wa asali, lakini bado kila pipa linapotakata mimi hukosa adabu ya kupumua. Nilimpelekea Mama Spesioza glasi ile. Alinusa. Akaonja. Akaketi kwenye kigoda chake na kuinywa yote mpaka tone, polepole, akitazama uwanja. Kwa mtu ambaye siku zote huonja na kutema, hiyo ilikuwa hotuba.

Basi juzi nilifika Biharamulo, kwenye nyumba ya Koleta yenye sebule ya makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma. Mama Spesioza alikuwa kitini karibu na dirisha, amekuwa mdogo, lakini kitambaa kichwani kimekazwa vile vile. "Shikamoo, Mama." "Marahaba. Umenenepa." Nikatoa chupa niliyomletea, nikaifungua, nikamimina, na kwa mazoea ya maisha yangu yote nikasogea sikioni kwake na kunong'ona, "Huu ni wa mwaka jana, Mama. Ndizi tupu."

"Mbona unanong'ona?" akauliza. "Kuna mgonjwa?"

"Mvinyo, Mama."

"Mvinyo umefanya nini?"

"Usije ukasikia, ukachukia."

Koleta aliweka trei chini. Mama Spesioza alinitazama kama alivyozitazama ndizi zangu za kwanza. "Nani alikuambia mvinyo unasikia?"

"Barnaba."

"Yule wa baiskeli?"

"Lakini Mama, wewe mwenyewe ulikataza maneno mle chumbani!"

"Nilikuwa nasikiliza mapovu. Pipa likipunguza mapovu ndipo unajua limefika wapi. Sasa wewe ukianza hadithi zako, ningesikia nini?"

Niliweka chupa kando. Nikamwuliza kuhusu pipa langu la kwanza, ambalo lilichacha baada ya mimi kucheka, naye alikuwapo, naye alisikia.

"Lilichacha kwa sababu hukubonyeza mfuniko," akasema. "Uliuweka upande. Hewa ikaingia siku nane, na nzi. Ungechungulia siku ya pili tu ungeona."

"Miaka yote hii, Mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," akasema, akiinua glasi. "Nilisimama mlangoni na kikapu changu, nikasema, 'Deo, bonyeza mfuniko.' Nikarudia. Ulikuwa unaongea."